Tunaochukua damu maabara binafsi huku Mbeya tunalipwa kama vile kazi yetu haina bei

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Kama uko Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa na unafanya kazi kwenye maabara au zahanati ya mtu binafsi, naomba usome mpaka mwisho, maana najua hili haliko kwangu peke yangu.

Nina cheti cha maabara cha miaka miwili. Niko kwenye orodha ya Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya na ada nalipa mwenyewe, kituo hakichangii hata mia. Kazi yangu kutwa nzima ni kuchukua damu. Wagonjwa wa nje, waliolazwa, kina mama wa kliniki, wote wanapita mikononi mwangu kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Mkataba wangu umeandikwa "msaidizi". Msaidizi wa nani na wa kazi gani, haujasema. Mshahara ni 280,000. NSSF wakikata asilimia 10 inabaki 252,000, pesa ndogo kiasi kwamba hata kodi ya mshahara hainifikii, kwa sababu inaanza kukatwa kwa anayezidi 270,000. Hapo utoe chumba, mkaa, nauli ya daladala na ada ya mtoto.

Nilipoingia ofisini kuomba nyongeza nilijibiwa hivi: "Wewe unatoboa tu. Anayesoma kipimo ndiye anayefanya kazi."

Nimekaa na kauli hiyo kifuani na bado inaniuma, kwa sababu ndiyo inayopanga mishahara yetu. Angalia ubao wa bei pale mapokezi. Kila kipimo kina bei yake: malaria, picha kamili ya damu, sukari, figo, ini. Kuchukua damu hakuna mstari. Kwenye hesabu za bosi, chumba changu hakiingizi chochote, kinakula glavu na pamba tu. Basi kila ukiomba chochote unaonekana unaomba fadhila.

Sasa niwaeleze hiyo "kutoboa tu" ikoje.

Njoo Mbeya mwezi wa sita au wa saba, saa moja asubuhi. Mgonjwa katoka milimani kwa bodaboda, hajala kitu tangu jana usiku maana kaambiwa aje na njaa apimwe sukari na mafuta. Mikono imekufa ganzi kwa baridi. Unafunga mpira, unapapasa, mshipa hakuna. Ukiwa na pupa utamchoma mara tatu na utaambulia matone. Lazima umkalishe, umpashe mkono kwa maji ya uvuguvugu, uzungumze naye mpaka mwili ulegee, ndipo unausikia mshipa chini ya kidole, mwembamba na unateleza. Alikuja bibi mmoja wa Tukuyu, mikono yote miwili ina mabaka meusi ya kuchomwachomwa kituo kingine. Akaniambia, "Mwanangu, na wewe ukikosa, mimi narudi nyumbani." Nilimpata kwa sindano moja, pembeni kabisa ya mkono. Akanishika bega akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Bibi yule asingechukuliwa damu siku ile, hiyo mashine yao ya mamilioni ingesoma nini?

Na kupata damu ni nusu ya kazi. Chupa zina mpangilio wake. Ya kifuniko cha bluu inatangulia, kisha nyekundu, ya zambarau inakuja baadaye. Ukianza na zambarau, ile dawa yake ya kuzuia damu isigande ina potasiamu. Ikigusa chupa inayofuata tu, majibu yanatoka potasiamu iko juu na kalisi iko chini kwa mtu ambaye hana tatizo hilo. Ukivuta damu kwa nguvu na bomba, au ukaitikisa chupa badala ya kuigeuza taratibu, chembe nyekundu zinapasuka na potasiamu inapanda ya uongo. Daktari wa watu anaanza kuhangaika na figo na moyo wa mgonjwa ambaye kosa lake ni kuchukuliwa damu na mtu asiyejua. Ukikosea jina kwenye chupa, mtu anaweza kuongezewa damu isiyo ya kundi lake akafa. Haya yote yanafanyika kwenye kile chumba ambacho bosi anasema tunatoboa tu.

Kuna suala la hatari, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022/23 kwa watu wazima ulikuta maambukizi ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu ya juu nchini ni ya kwetu. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa kujichoma sindano yenye damu ya mgonjwa ni mdogo, kama asilimia 0.3, ila homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa unaweza kufika asilimia 30. Chanjo hiyo ni dozi tatu, na mimi zote nimejilipia. Kwenye salari slipu yangu sijawahi kuona mstari wa posho ya mazingira hatarishi.

Mwenzetu alijichoma zamu ya usiku, boksi la sindano lilikuwa limejaa mpaka juu na hakuna jipya. Hakukuwa na kitabu cha kuandika ajali. Hakukuwa na mtu wa kumpigia. Akavumilia mpaka kukapambazuka, akaenda mwenyewe hospitali ya serikali akaanzishiwa dawa za kinga, ambazo lazima uzianze ndani ya saa 72 na uzimeze siku 28. Zile dawa zilimlaza, na siku alizoshindwa kuja kazini zikakatwa kwenye mshahara. Sheria ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri ndiye anayeuchangia. Lakini ajali ambayo haikuandikwa popote utaidai fidia kwa ushahidi gani?

Zamu za usiku nazo ni wizi wa mchana kweupe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wazi: kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Sisi tunapewa chai. Chai na andazi, ndiyo malipo ya usiku. Na sikukuu ya Eid au Krismasi ukiomba kupumzika unaulizwa kama umechoka kazi.

Kwa serikalini angalau mtu anajua alipo. Mwenye cheti ana ngazi yake ya mshahara wa afya, mwenye stashahada ya kwake, akipanda daraja inajulikana. Mei 2025 Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kitoke 370,000 kiwe 500,000 kuanzia Julai. Yaani mtumishi wa chini kabisa serikalini anakaribia mara mbili ya mshahara wangu. Sekta binafsi nayo ikatangaziwa ongezeko la kima cha chini, kwa wastani kutoka 275,060 kwenda 358,322, kuanzia Januari 2026. Ni wastani, kila sekta ina kiwango chake, hilo nalielewa. Nilipouliza sisi kiwango chetu kitakuwa kipi, mhasibu akasema "tutaangalia". Mpaka leo anaangalia.

Na kila mara ukidai, unaonyeshwa kwa kidole vijana wanaojitolea. Wamemaliza chuo, wanangoja ajira za serikali kupitia TAMISEMI, wanachukua damu mchana kutwa kwa nauli tu au bila nauli. Sina ugomvi nao hata kidogo, nilipita hapo hapo. Ila waajiri wamewageuza fimbo ya kutuchapia: "Kuna watu wanaifanya bure."

Najua kuna atakayekuja na habari za Marekani, kwamba huko wanaochukua damu wanalipwa vizuri. Kwa takwimu zao za Mei 2024, anayesimama katikati, ukiwapanga kuanzia wa chini mpaka wa juu, alipata dola 43,660 kwa mwaka, na kwa maisha yao hiyo si pesa ya kutamba. Mimi dola zao sizitaki. Ninachowaonea wivu ni kwamba kazi hii inahesabiwa peke yake, ina jina na takwimu, kila mtu anajua inalipwa ngapi California na ngapi kwingine. California, Louisiana, Nevada na Washington huwezi kushika sindano bila kibali cha jimbo kwa kazi hiyo hiyo. Mtu akienda kudai nyongeza anakwenda na cheti, zamu zake na kiwango cha eneo lake mkononi. Sisi tukienda tunaulizwa, "kwani wewe ni nani hapa?"

Ninachotaka si kikubwa. Mkataba utaje kazi ninayoifanya. Saa za usiku zilipwe kama sheria inavyosema. Chanjo ilipwe na kituo, ajali ya sindano iandikwe siku hiyo hiyo. Na NSSF wanayokata ifike, maana kuna miezi kwenye taarifa yangu haipo kabisa na kwenye mshahara ilikatwa.

Wenzangu wekeni hapa chini: mkoa, una cheti au stashahada, binafsi au kituo cha dini, mshahara wa msingi, usiku mnalipwa au mnapewa chai. Msitaje jina la kituo, msije mkatafutwa. Na kama kuna aliyewahi kupeleka madai ya malipo ya usiku CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, akiwa bado yuko kazini, naomba anieleze alianzaje na alipeleka ushahidi gani. Najua madai ya namna hii yana siku 60, na mimi zamu zangu zote nimezipiga picha kwenye ubao.