MEWAKA: mafunzo ni kazi, kwa nini nauli iwe ya mwalimu?

Mleta mada (mwalimu wa msingi, Uvinza)

Wadau, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Uvinza, mkoa wa Kigoma, mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Huu ni mwaka wangu wa 14 kazini, na darasa la tatu ndilo nimelifundisha zaidi. Nina hoja iliyotugawa ofisini tangu wiki iliyopita.

Kikao cha mafunzo cha kata kiliitishwa siku ya Jumamosi, kwenye shule ya jirani. Sisi tuko walimu tisa. Tulikwenda wanne, kila mtu kwa nauli yake. Watano waliobaki wamepewa barua za kujieleza kwa nini wamekaidi mafunzo kazini. Nauliza: mtu ambaye hakupewa nauli wala siku ya kazi amekaidi nini?

Kwa mzazi au yeyote asiye mwalimu: MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Moduli zinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Badala ya watu wachache kuitwa mjini kwenye semina, walimu wa shule moja wanakaa pamoja, jumuiya ya ujifunzaji inavyoitwa, wanachagua kinachowasumbua darasani, na mmoja wao anawezesha. Kisha shule za kata nzima zinakutana. Fedha za kuimarisha mpango huu ziliwekwa ndani ya BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari, programu ambazo serikali ilizianzisha kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa hiyo tunazungumzia jambo ambalo nchi imelikopea.

Na mimi mafunzo haya nayapenda, nataka hilo lieleweke kabla mtu hajaniita mpenda posho. Mwaka jana mwenzetu wa darasa la nne alikuja kwenye kikao cha shule na madaftari ya hisabati, akayaweka mezani yakiwa wazi ukurasa uleule. Swali lilikuwa 52 toa 27. Zaidi ya nusu ya watoto waliandika 35. Sote tukasema ni uzembe, hawasikilizi. Yeye akauliza, "35 imetoka wapi?" Tukakaa kimya. Ndipo mmoja akaona: 7 toa 2 ni 5, halafu 5 toa 2 ni 3. Mtoto anatazama tarakimu ya juu na ya chini, anatoa ndogo kwenye kubwa, basi. Kutoa anajua. Asichojua ni kwamba ile 5 ni makumi matano.

Akafungua kanga yake. Ndani mlikuwa na vijiti, mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, na vijiti viwili vya pembeni. Akamwambia mwalimu mkuu, "Nipe vijiti saba." Mwalimu mkuu akashika vile viwili, akasita, akaanza kufungua fungu moja. Pale ndipo wengine wetu tulielewa tumekuwa tukifundisha "kopa kwa jirani" miaka yote kama dua ya kukariri. Kikao kile hakikumaliza saa nzima. Jumatatu yake nilikwenda darasani na vijiti vyangu, na bado ninavyo kabatini.

Niliwahi kukaa semina ya siku tano Kigoma mjini. Nilirudi na daftari limejaa, lakini kwa siku zote tano hakuna aliyewahi kufungua daftari la mtoto wangu hata mmoja.

Kwa sababu kitu hiki kina thamani, nataka kitendewe kama kazi. Kiwe ndani ya muda wa kazi. Nauli ya kikao cha kata itoke halmashauri. Na kiandikwe kwenye jalada la mwalimu, ili siku ya kupanda daraja kionekane.

Anayedhani nauli ni jambo dogo, aje huku. Kwenye ramani shule yetu na kituo cha kata zimekaribiana. Ardhini kuna mlima umeshuka hadi majini, hakuna barabara, njia ni boti. Boti haiondoki hadi ijae, na ziwa likichafuka hairudi siku hiyo. Tulikwenda alfajiri ya Jumamosi, tumerudi Jumapili jioni. Tulilala kwa mwalimu mwenzetu, wanawake chumbani, wanaume sebuleni. Vishikwambi tulivyopewa baada ya Sensa ya 2022 vingesaidia kusoma moduli bila safari, ila kwetu mtandao unakamata ukipanda kichuguu nyuma ya jiko la shule, na bando ni la mfukoni pia.

Naomba michango yenu.

Mwalimu wa sekondari, Kasulu

Mwalimu mwenzangu, pole na safari. Nakuunga mkono kwenye nauli. Ila naomba tuitenge nauli na posho, maana hoja kama hii ikishaanza haichukui siku mbili imegeuka madai ya posho. Nimekuwa kwenye mafunzo yenye posho. Majina yalipangwa na mkuu kwa anayemtaka. Mwalimu wa somo husika anaachwa, anakwenda wa somo jingine kwa sababu ana shida ya ada ya mtoto. Akirudi hana cha kutueleza, na huwezi kumlaumu, hakuwa mtu wa kwenda. Kikao cha shule kisicho na hata shilingi ndicho pekee ambapo mtu anakuja kwa sababu ya somo. Tukikiwekea hela tutakiua. Nauli ya kata, ndiyo, tena ilipwe kabla ya safari. Siyo ile ya kujaza fomu ukangoja.

Mzazi, Kazuramimba

Walimu, poleni na kazi. Mimi sijui moduli wala MEWAKA, najua mwanangu yuko darasa la pili. Siku za mafunzo wanaambiwa warudi nyumbani mapema. Darasa lao lina watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja. Akiwa kwenye kikao hakuna wa kumshikia. Sasa mleta mada anasema mafunzo yawe ndani ya muda wa kazi. Muda wa kazi wa mwalimu ni muda wa mtoto wangu. Nani atakaa nao? Hilo hujalijibu.

Mwalimu, Buhigwe

Mimi ni Msabato. Kila kikao cha kata kikiwekwa Jumamosi nahesabika mtoro. Nimeeleza kwa mdomo, nimeeleza kwa maandishi. Naomba tu hilo liingie kwenye mjadala.

Afisa Elimu Kata mstaafu, Kibondo

Wanangu, nimesoma yote. Kufundishwa ukiwa kazini si jambo geni nchi hii. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, tulipotaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakuwepo. Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wakijifunza ualimu: vitabu vya masomo, vipindi vya redio, na mratibu anayewapitia shuleni. Watu waliwacheka, walimu wa UPE, walimu wa UPE, yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote. Lakini kijana yule alijua mwisho wa safari yake kuna cheti cha ualimu na ajira kamili. Njia ngumu aliivumilia kwa sababu ilikuwa na mahali inapofika.

Baadaye, 2014, ukaja EQUIP-T, mradi wa kuinua ubora wa elimu ya msingi kwa fedha za Uingereza, Kigoma na Tabora tukiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Walimu wa darasa la kwanza na la pili walifundishwa namna ya kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hukuhuku shuleni. Nakumbuka kikao kizima kilichokwenda kwenye l na r peke yake. Watoto wetu wanatoka nyumbani na Kiha, mtoto anasoma "karamu" akimaanisha kalamu, na mwalimu anamchapa kwa kosa ambalo si la kusoma. Walimu walijifunza kumsikiliza kwanza. Sisi maafisa tulipewa pikipiki, nikawa naweza kufika shuleni bila kutangulia kuomba mafuta ya mtu. Mradi ukafika mwisho. Pikipiki inahitaji tairi, tairi haina fungu. Ziara zikapungua, na vikao navyo vikapungua.

Kwa hiyo mwanangu wa Uvinza, kwenye jalada niko nawe kabisa. Mafunzo yasiyoandikwa popote yanadumu kadiri mradi unavyodumu.

Mwalimu wa msingi, Kaliua

Natoka Tabora, naona tofauti kidogo. Shule yetu ina walimu watatu kwa madarasa yote. Tunafanya jumuiya, ndiyo, lakini yule niliyemwezesha wiki iliyopita ananiwezesha wiki hii, na wote watatu tulisoma chuo kimoja, na tunakwama palepale. Kinachofuata ni kusaini daftari la mahudhurio, kupiga picha tukiwa tumeshika moduli, kutuma. Anayepokea picha anaona mafunzo yamefanyika. Hiyo haitokani na uvivu wetu, ni ikama, walimu hatutoshi.

Nikitaka kujua kitu kipya nalazimika kusoma. Nasoma Chuo Kikuu Huria, karo nalipa mwenyewe kutoka mshahara huuhuu, mitihani nakwenda kwa likizo ya kuomba. Na ukweli mchungu ni kwamba shahada ndiyo itanibadilishia mshahara. Mleta mada hakuligusa hili. Mwalimu kijana akiuliza ajiendeleze vipi, utamwambia abaki na vijiti au atafute digrii?

Na hilo la jalada naliogopa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018. Rekodi ya mafunzo ikija kufungwa na usajili au leseni, watakaoanguka kwanza ni hao wa mwambao na sisi wa porini, si wa mjini. Tazameni Kenya. Mwaka 2021 Tume yao ya walimu ilianzisha mafunzo ya lazima, mwalimu ajilipie shilingi 6,000 za Kenya kila mwaka, moduli sita, kila moduli miaka mitano. Miaka thelathini ya kulipia kazi ambayo tayari umeajiriwa. Vyama vya walimu vikasimama kidete. Njia ya kwenda huko huanza na rekodi, na rekodi huanza kwa nia nzuri.

Mwalimu wa sekondari, Kasulu

Kaliua umesema. Ila bila rekodi, yule wa vijiti anabaki sawa na asiyefungua daftari la mtoto tangu aajiriwe. Hilo nalo linauma.

Mleta mada

Shikamoo mzee wa Kibondo, na asante kwa wote. Nimesoma tangu jana, mengine yamenigusa mahali.

Mzazi wa Kazuramimba, una haki, na niliandika bila kumfikiria mwanao. Nikisema muda wa kazi simaanishi mtoto atolewe darasani. Kwetu darasa la kwanza na la pili wanaondoka mapema kwa ratiba yao ya kawaida, wakubwa wanabaki. Tulijaribu kukaa baada ya wakubwa nao kuondoka, mara moja kwa wiki, na hakuna kipindi kilichopotea. Tunatoka tumechoka, lakini tunaweza. Kwa kikao cha kata sina jibu safi. Kikiwekwa siku ya shule, wanao wanabaki peke yao. Kikiwekwa Jumamosi, mwalimu wa Buhigwe anahesabika mtoro kwa imani yake. Siku za kwanza za likizo, kabla walimu hawajasafiri, ndilo wazo pekee nililonalo, na najua mwenye familia mbali atalipinga.

Kasulu, posho naiondoa kabisa kwenye hoja yangu. Nimebaki na nauli, ilipwe kabla.

Kaliua, kwenye digrii sitakudanganya. Ningekuwa na miaka 25 ningeitafuta. Lakini shahada yako utakayoipata kwa jasho hilo inaweza isiguse 52 toa 27, na mshahara unaokutuma huko ndio unaotufundisha sote kuona kikao cha shule ni kitu cha pembeni. Kuhusu jalada, hofu yako ni ya kweli. Nilivyowaza mimi, rekodi iwe ya kumwongezea mwalimu, isiwe ya kumpunguzia. Aliyewezesha wenzake ahesabiwe. Aliyekosa boti asihesabiwe kitu. Kama haiwezekani kuiandika hivyo, basi nakubali isiandikwe. Na shule ya walimu watatu isiachwe peke yake, ndiyo maana kikao cha kata ninakitaka, tena ninakitaka kuliko mtu yeyote hapa. Pale ndipo watatu wa kwenu wangekutana na mwenye vijiti.

Kuna jambo sikuliandika mwanzoni kwa sababu sikutaka kulifanya la mtu mmoja. Mwalimu aliyefungua ile kanga ni mmoja wa wale watano wenye barua. Ana mtoto wa miezi minne, na alfajiri ile ziwa lilikuwa na upepo. Alifika ufukweni, akatazama maji, akarudi nyumbani. Mimi nilipanda. Amepewa siku saba za kujibu, na amenijia jioni hii na karatasi tupu akiniomba nimsaidie kuandika.