Mrejesho: EMT wa Nairobi aliyetaka kwenda Uingereza

Wadau, hamjambo? Ni mimi yule EMT (mhudumu wa dharura wa ambulensi) wa Nairobi niliyeuliza kama cheti changu kingeniwezesha kufika Uingereza na kuanza kazi ya uparamediki moja kwa moja. Samahani kwa kunyamaza.

Aliyesema kwamba huko "paramediki" ni jina linalolindwa na sheria, na huwezi kulitumia bila kusajiliwa na HCPC (baraza linalosajili wataalamu wa afya huko), alisema kweli. Mafunzo yangu hayatoshi. Iliniuma (miaka sita kwenye ambulensi, na foleni za Mombasa Road mnazijua!), lakini nikafuata ushauri wa kuomba digrii ya miaka mitatu. Nimepata nafasi, naanza Septemba.

IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ilinitoa jasho. Chuo kilitaka 7.0, na hakuna sehemu chini ya 6.5. Mliniambia nifanye mazoezi ya kuandika, nikapuuza kwa kuwa Kiingereza nimekisoma tangu darasa la kwanza. Nikapata 6.0 kwenye kuandika. Nikalipa tena, nikafanya mazoezi kweli, nikapita.

Cheti cha maadili mema hakikunisumbua. Kipimo cha kifua kikuu cha viza kinafanywa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji). Nusura nilipe kliniki nyingine.

Ufadhili sikupata, chama cha mama ndicho kilichonikopesha. Na dada uliyeonya kuhusu maajenti, nilikusoma nikiwa nimeshalipa. Pesa hizo nimezisahau.

Leseni ya C1, ya kuendesha ambulensi za huko, nitahangaika nayo nikifika. Asanteni sana, jamani.