Mjadala: Mikoa inayolisha taifa ina haja gani ya benki ya chakula?

Wadau, mada ni kama Nyanda za Juu Kusini tuanzishe benki ya chakula, yaani ghala linalopokea chakula kilichozidi na kukigawa bure. Kaka aliyetangulia amepinga: sisi ndio tunaolisha nchi, na chakula cha bure kitaua bei ya mkulima.

Hoja ya kwanza naikataa kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano Iringa ni karibu asilimia 57, kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ni 30. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto. Mahindi tunayo, na NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, inayahifadhi Makambako. Mtoto anayeshindia ugali na uji mweupe anashiba, ila harefuki.

Kuhusu bei, nenda Ilula nyanya zinapofurika. Matenga yamepangwa kando ya barabara kuu, ya chini yanavuja maji, mwenye mali anabembeleza kila lori. Zinazobaki zinamwagwa. Hizo soko limeshazikataa. Kuzipokea kunamharibiaje mkulima bei? Hata benki ya kwanza, aliyoianzisha John van Hengel kule Phoenix, Marekani, mwaka 1967, ilitegemea vyakula ambavyo maduka yangevitupa.

Hofu yangu ni nyingine: tutajenga ghala jingine la mahindi, tukate utepe, basi. Nataka maharage, mayai, dagaa wa Nyasa, maziwa ya Rungwe. Na mlango wa kwanza uwe kliniki ya mama na mtoto, maana udumavu hujengeka kabla mtoto hajafikisha miaka miwili. Ukimsubiri shuleni umechelewa. Siku ya kliniki akina mama wanakuja wenyewe na kadi zao, hakuna wa kuzunguka nyumba kwa nyumba akiandikisha maskini na kuwaaibisha. (Najua chakula si sababu pekee. Mama anayelima tangu alfajiri ananyonyesha saa ngapi? Hilo lina mjadala wake.)

Hesabu zishikwe na watu wa kanisa na msikiti kwa pamoja, zibandikwe ukutani. Wenzangu mnaounga mkono mnasema mafuta ya gari la kukusanyia chakula tuombe wafadhili. Hapana. Wafadhili wakiondoka gari linalala. Halmashauri zinakusanya ushuru wa mazao kwenye mageti kila msimu. Sehemu yake ndogo itengwe kwa kazi hii. Wa Mbeya na Njombe, madiwani wenu watakubali?