Mrejesho: Kiingereza cha wahudumu wa loji, Bwindi (hifadhi ya gorila, Uganda)

Niliuliza namna ya kupunguza kutoelewana kati ya wahudumu na wageni. Asanteni sana, ndugu zangu. Kilichosaidia zaidi ni kuacha maswali ya kukanusha. Ukiuliza "Hutaki chai?", sisi hujibu "ndiyo" kumaanisha hatutaki, Mwingereza husema "no" kwa maana hiyohiyo, na mhudumu anadhani anataka, anamletea. Sasa wote huuliza "Would you like tea?" basi.

Vyumba 13 na 30 husikika karibu sawa kwa Kiingereza ("thirteen", "thirty"), hivyo namba hutajwa tarakimu moja moja, kisha mgeni huirudia.

Maelezo kwa wageni wanaokwenda kuona gorila: kanuni moja kwa sentensi. Watu wasiozidi 8 kwa kundi, muda wa saa moja tu na gorila, umri kuanzia miaka 15. Usiulize kama wameelewa, wataitikia kwa kichwa tu! Uliza: ukikohoa utafanyaje?

Mazungumzo ya simu bado yanatusumbua.