Kusali kwa kutembea labirinti: sala ya kweli au upagani uliovishwa kanzu?

Mleta mada

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Nina jambo naomba tulijadili bila kutoana macho. Kwenye kikundi chetu cha sala mtu mmoja alileta turubai kubwa lililochorwa labirinti, akatuomba tuvue viatu, tuitembee kimya kimya tukisali. Nusu yetu tulivua. Wengine walibaki ukutani wamekunja mikono, na mzee wetu mmoja akatoka nje akisema hawezi kuzungukazunguka kama mganga. Je, mzee alikosea?

Kwanza tuelewane. Kiswahili tunalo neno mzingile-mwambiji, ila ukilisikia unafikiria vichochoro vya kupotezea watu. Labirinti ya kusali haina njia panda hata moja. Njia ni ile ile, inajikunja na kujikunja mpaka katikati, kisha unarudi ulikotoka. Kupotea huwezi hata ukitaka. Inayojulikana kuliko zote iko sakafuni mwa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, tangu mwanzoni mwa karne ya 13: upana karibu mita 13, mizunguko 11, na njia yake ukiinyoosha inakaribia mita 260.

Turubai letu lilifuata mchoro huo, na mchoro huo una ujanja wake. Hujatembea sana, tayari katikati iko hapo hapo, ungenyoosha mguu ungeikanyaga. Ukishajiambia umefika, njia inakugeuza na kukutupa nje, halafu nje zaidi. Na unapopita ukingoni kabisa, umekata tamaa, kumbe ndipo zimebaki kona chache tu. Mimi nilikuwa nimebeba ombi moja la miaka mingi. Nilipofika ukingo ule nilicheka peke yangu, maana Isaya 30:21 ilinijia bila kuitwa: "Njia ni hii, ifuateni," iwe mnageuka kulia au kushoto. Mstari huo nimeusoma mara ngapi sijui, ila siku ile niliusikia kwa nyayo.

Njiani nikakutana na mama mmoja anarudi. Nafasi ni ya mtu mmoja tu, ikabidi nikanyage mstari kumpisha. Alipita anafuta macho. Sikumuuliza.

Haya, karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mtumishi, ushuhuda wako mtamu lakini haujibu hoja. Labirinti inajulikana tangu hadithi ya Kigiriki ya kisiwa cha Krete, ya Minotauro, jitu lenye kichwa cha fahali lililokuwa likila watu. Kumbukumbu la Torati 12:30 inatukataza kuuliza mataifa waliabuduje miungu yao ili nasi tufanye vivyo hivyo. Na Yesu alipofundisha kusali alisema ingia chumbani, funga mlango. Mbona hakusema chora duara? Mzee yuko sahihi.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, taratibu. Huko Algeria, kwenye basilika ya mwaka 324, ilikutwa labirinti ya vijiwe sakafuni, na katikati yake herufi zimepangwa kusomeka "Sancta Ecclesia", yaani Kanisa Takatifu. Kwa hiyo Wakristo walishaichukua zamani sana. Na Yeriko je, mji ambao Waisraeli waliuzunguka kwa amri ya Mungu? Siku sita mara moja moja, siku ya saba mara saba. Au kuzunguka kule nako kulikuwa uganga?

Mleta mada

Mchangiaji wa 2, uko upande wangu lakini Yeriko haitusaidii. Ile ilikuwa amri ya vita, ikatolewa mara moja, ikaisha. Tusikamate kila aya yenye neno "zunguka".

Tena niseme ukweli utakaowaudhi wenzangu. Tunapenda kusema Wakristo wa kale walitembea labirinti badala ya kuhiji Yerusalemu. Maandishi ya enzi hizo yanayothibitisha hilo hayapo. Jina "njia ya Yerusalemu" linaonekana karne nyingi baadaye. Kinachojulikana vizuri ni kisa cha kanisa kuu la Auxerre, Ufaransa, ambako makasisi walicheza ngoma Pasaka juu ya labirinti huku wakirushiana mpira, hadi wakapigwa marufuku mwaka 1538. (Ningelipa kuona!) Kuitembea kama sala, kama tulivyofanya sisi, kumeenea tangu miaka ya 1990, hasa kupitia kasisi Lauren Artress wa Grace Cathedral, San Francisco. Ni jambo changa. Uchanga si dhambi, lakini tusiuvalishe mvi za bandia.

Kuhusu Minotauro nakukubalia nusu. Anayeniambia mchoro wenyewe una "nguvu" au "nishati" inayoponya, hapo mimi na mzee tunatoka mlango mmoja. Turubai ni turubai. Ila mwili wangu nao unasali: napiga magoti, nainua mikono, nafunga kula. Kwa nini miguu pekee ndiyo iambiwe ikae nje?

Mchangiaji wa 1

Nusu hiyo nimeipokea. Lakini swali langu bado: muumini mchanga atatofautishaje sala na hiyo "nishati", ikiwa turubai ni lile lile?

Mleta mada

Hapo umenishika. Sisi hatukuelezwa chochote kabla ya kuvua viatu, na hilo lilikuwa kosa. Ingekuwa juu yangu, ningeanza na Neno, niwaambie wazi sakafu haina lolote, na asiyetaka akae aombe kwenye kiti bila kutazamwa vibaya.

Mchangiaji wa 3

Nami nipitie humo humo. Magoti yangu hayawezi mita 260, hata kumi ni mtihani. Kanisa kuu la Lucca, Italia, lina labirinti ndogo ya kuchonga kwenye nguzo ya barazani, ya kufuatisha kwa kidole. Nimechora yangu kwenye karatasi. Ila mjue, pembeni ya ile ya Lucca yameandikwa maneno ya Kilatini yanayomtaja Theseus, yule yule aliyemuua Minotauro. Mchangiaji wa 1, nakusubiri.