Bi mkubwa ana sukari, sindano ya jicho haiwezi kusaidia na figo?

MwanaWete: Asalaam alaykum jamani. Bi mkubwa wangu ana sukari mwaka wa 14 huu, mwaka jana macho yakaingia kiwi tukavuka hadi Unguja akadungwa sindano za jicho, wakasema vimishipa vimeota ovyo ndani ya jicho na vinavuja. Alhamdulillah anaona. Sasa mkojo unatoa povu kama wa sabuni, kapimwa protini imekuja 240 na mwisho inatakiwa 30, daktari akanambia hata kwenye figo vimishipa kama vile huota. Mie nauliza, kama maradhi ni yale yale kwa nini asidungwe sindano ile ile? Foleni ilikuwa ndefu sikuwahi kumuuliza.

BintDarajani: Pole yakhe. Mchemshie mlonge, jirani yetu kapona kabisa.

SiafuWaChake: Mlonge tuuweke kando, figo ikishaumwa si pahala pa kujaribia majani. Suali lako zuri lakini. Figo moja ina vichujio kama milioni, kila kimoja ni kishada cha vimishipa. Sukari ikikaa juu, chujio linamwaga kemikali ya mwili iitwayo VEGF kwa wingi, hiyo ndo inayoamrisha mishipa iote, na vinavyoota havijakomaa, vyembamba, vinavuja. Hadi hapo sawa na jicho, na sindano ile kazi yake ni kuizima hiyo VEGF. Ila jicho unalidunga lenyewe, dawa nyingi inabaki mule mule, ya figo lazima ipite mwili mzima, na chujio linaihitaji VEGF kiasi ili lisimame. Ukiizima yote, protini inazidi na presha inapanda, wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za jamii hiyo wengine yanawakuta haya haya. Cha kushika ni sukari, na presha isipite 130/80. Losartani, ile dawa ya presha inayolinda na figo, kaanzishwa?

MwanaWete: Anayo, anameza siku akihisi kichwa kizito.

SiafuWaChake: Ala! Hiyo si panadol, ni ya kila siku, tena apimwe damu kuangalia potasiamu na kreatinini, ile taka ya damu inayoonesha figo inavyochuja. Na muulize daktari zile dawa mpya za sukari za jamii ya empagliflozini, zinazolinda na figo, kama zinamfaa. Magoti jee hayamsumbui? Maana watu wazima wetu diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ndo halua yao, na kwa figo ile ni balaa, ikichanganyika na losartani ndo zaidi.

BintDarajani: 😂😂 halua

MwanaWete: Wallahi umenipata. Ana kopo zima chini ya mto, na mnunuzi mie mwenyewe. Nampigia dada sasa hivi akalitoe kabla hajalala.