UTMB mwezi wa nane: mtu wa Morogoro ajiandae vipi?

mteremko_moro

Wakuu, salaam. Jina limetoka kwenye bahati nasibu ya UTMB, zile mbio za milimani za kuzunguka mlima Mont Blanc kule Ulaya: kilomita 170 na ushei, jumla ya kupanda mita 10,000 hivi, ukomo saa 46 na nusu. Sifa za kuingia ninazo. Marathoni ya barabarani nakimbia kwa saa 3 na dakika 10, naishi Morogoro mjini, na imebaki miezi sita.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Kwanza, mazoezi ya Uluguru yapangwe vipi ili yafanane na njia ile? Pili, mtu anakula nini kwa saa arobaini bila tumbo kugoma? Tatu, vifaa vya lazima vinapatikana vipi hapa kwetu bila kuagiza kila kitu Ulaya? Hewa nyembamba nayo inanitia wasiwasi, maana mjini kwetu ni kama mita 500 tu.

---

njia_ya_bondwa

Hongera mkuu. Wasiwasi wa hewa uweke pembeni. Sehemu za juu kabisa za UTMB ni mita 2,500 na kidogo. Grand Col Ferret ni 2,537. Kambi ya Mandara pale Kilimanjaro, ambako wageni hulala usiku wa kwanza, ni mita 2,720. Utahema zaidi kule juu, lakini si hapo mbio zinapokatikia.

Zinakatikia kwenye mteremko. Mita 10,000 unazopanda unazishuka zote, kwa kuwa mwanzo na mwisho ni pale pale, mji wa Chamonix, Ufaransa. Ukipanda, msuli wa paja la mbele unajikaza huku ukifupika. Ukishuka, unajikaza huku unavutwa kurefuka, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo kila hatua. Mapafu ya marathoni hayaulindi. Kinachoulinda ni mteremko wenyewe: msuli uliokwisha kuumizwa kwa kiasi hujijenga, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo kushuka ni zoezi kamili linalopangiwa siku yake, wala usilichukulie kama njia ya kurudi nyumbani.

Wewe una Morningside mlangoni, pale juu kwenye miteremko ya Uluguru. Toka mjini hadi pale ni kama mita 700 hadi 800 za kupanda. Miezi miwili ya kwanza panda mara moja kwa wiki, ushuke polepole, na siku nyingine mbili tafuta vilima vifupi. Jumla ya kupanda kwa wiki ianzie mita 1,000. Mwezi wa tatu na wa nne fanya Morningside mara mbili kwa mpigo Jumamosi, Jumapili uende njia ndefu ya saa 3 hadi 4 miguu ikiwa bado imechoka; jumla ifike mita 2,000 hadi 2,500. Mwezi wa tano fikisha 3,000 au 3,500, na hapo ndipo uende kilele cha Bondwa na kurudi. Kila wiki ya nne punguza karibu nusu. Mteremko mgumu wa mwisho uwe wiki tatu kabla ya mbio, si wiki moja, maana msuli uliochanika wiki ya mwisho unaupeleka Chamonix ukiwa bado na kidonda.

Namna ya kushuka: hatua fupi na za haraka, mguu utue chini ya nyonga, magoti yawe yamelegea, macho mita tatu au nne mbele. Mtu anayeogopa huegemea nyuma na kupigisha kisigino, na kila hatua inakuwa breki. Breki hiyo ndiyo inayomaliza mapaja kabla ya Courmayeur, mji wa Italia ulio karibu na nusu ya njia. Nyumbani, mara mbili kwa wiki, panda ngazi au stuli ya sentimita 30, shuka kwa mguu mmoja ukihesabu hadi nne. Seti 3 za mara 10 kila mguu.

Jambo moja ambalo watu wa marathoni hulikataa kwa moyo wote: jifunze kutembea. Kwenye kupanda kukali karibu kila mtu anatembea, na anayetembea vizuri anampita anayejikokota akikimbia. Lenga kupanda mita 600 kwa saa huku ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi.

---

Nesi_wa_Milimani

Nachukua tumbo na miguu, kwa sababu ndivyo vinavyowatoa watu wengi ambao mapafu yao bado yana nguvu.

Lenga gramu 60 hadi 70 za wanga kwa saa. Wapo wanaofika 90, lakini hiyo ni kwa tumbo lililofundishwa muda mrefu. Tumbo hufundishwa kama mguu: anza na gramu 40 kwa saa kwenye mazoezi marefu, ongeza 10 kila wiki mbili. Changanya aina za sukari, kwa sababu glukosi na fruktosi hupita milango tofauti kwenye utumbo. Ukitegemea glukosi peke yake, ikizidi 60 hivi kwa saa inabaki tumboni, inavuta maji, unaanza kuharisha. Sukari yetu ya kawaida ni nusu kwa nusu ya hizo mbili, kwa hiyo usidharau kinywaji cha nyumbani: maji lita 1, sukari gramu 60, chumvi robo kijiko cha chai, limao la ladha. Chumvi hiyo inakupa kama miligramu 600 za sodiamu. Ukinywa nusu lita kwa saa umepata gramu 30 za wanga. Nyingine 30 zitoke kwenye chakula: tende ndogo tano au sita, au ndizi mbivu moja, au viazi vya kuchemsha gramu 150 vyenye chumvi. Jeli za dukani ziweke kwa ajili ya saa ambazo kutafuna kunashindikana.

Kichefuchefu huja kwa sababu damu imeenda miguuni na kwenye ngozi, utumbo umebaki na kidogo. Kikianza, usiongeze jeli juu yake. Punguza mwendo dakika 15 hadi 20, kunywa maji matupu kwa mafunda, kisha jaribu supu yenye chumvi. Vituo vya kule huwa na supu ya tambi, mkate, jibini, ndizi, machungwa, chokoleti, kola. Vipande vya nyama iliyokaushwa na soseji mara nyingi ni vya nguruwe, na supu inaweza kuwa ya mchuzi wa nyama. Asiyekula aulize kwanza, au abebe chakula chake kutoka kituo hadi kituo.

Maji: kunywa kwa kiu. Anayejilazimisha lita nzima kila saa anaweza kushusha sodiamu ya damu. Ukiona vidole vimevimba hadi pete inabana, kichwa kinauma, unatapika, umeanza kuchanganyikiwa, acha maji na tafuta daktari wa mbio mara moja. Na tafadhali, kaka, usimeze ibuprofeni wala diklofenaki njiani. Msuli unaochanika unamwaga protini kwenye damu, figo zinahangaika kuichuja, wewe umepungukiwa maji, halafu dawa hizo zinabana damu inayoingia kwenye figo. Mkojo ukiwa na rangi ya kola, mbio zimekwisha, nenda hospitali.

Miguu: raba ziwe kubwa nusu namba hadi namba moja kuliko za barabarani, maana mguu huvimba na kidole gumba hugonga mbele kwenye kila mteremko. Kata kucha siku tatu kabla, sawasawa, usichimbe pembeni. Kamba ya juu ipitishe kwenye tundu la mwisho kwa kitanzi kila upande, ndipo uvuke na kukaza. Kisigino kikishikwa, vidole havigongi. Kokoto ikiingia, itoe pale pale. Joto la sehemu moja kwenye unyayo ni lengelenge linalokuja baada ya nusu saa, na plasta inashika kwenye ngozi kavu tu, kwa hiyo futa kwanza. Soksi kavu na mafuta ya mgando viwe kwenye begi lako la akiba litakalokusubiri Courmayeur, karibu kilomita 80.

---

mteremko_moro

Asanteni sana. Dada Nesi, hilo la ibuprofeni nilikuwa naliona la kawaida kabisa. Je, fimbo za kupandia mlima nichukue? Na kasi ya mwanzo iweje, ikiwa mbio zinaanza jioni?

---

kamba_na_fimbo

Chukua. Kwenye kupanda zinahamishia kazi kidogo mabegani, na kwenye mteremko mrefu zinapunguza pigo la magoti. Urefu: zidisha kimo chako kwa 0.68, mtu wa sentimita 170 anapata kama 115. Ila ujue sheria: ukianza nazo unamaliza nazo, huruhusiwi kuziacha kwenye begi la akiba wala kuzichukua katikati. Kwa hiyo ujifunze pia kuzikunja na kuzipachika mkobani bila kusimama. Anza kuzitumia Morningside mwezi wa pili, la sivyo utapata maumivu ya viwiko na mabega ambayo hukuyajua.

Kasi. Mbio zinaanza jioni, saa 12 hivi kwa hesabu yetu. Hadi Les Houches ni kilomita 8 karibu tambarare, umati unashangilia, na mtu wa marathoni ya 3:10 anajikuta anakimbia dakika 4 na nusu kwa kilomita. Usifuate. Kisha unapanda, unashuka karibu mita 900 kuingia Saint-Gervais, giza linakukuta. Toka hapo hadi Croix du Bonhomme ni kupanda kwa jumla zaidi ya mita 1,600, na kushuka Les Chapieux ni mita 900 nyingine ndani ya kilomita tano hivi, usiku, kwenye matope au majani yenye umande. Mtu akitumia mapaja yake hapo kuokoa dakika kumi, atazilipa kwa saa mbili kule mbele.

Anayelenga kumaliza kwa saa 42 hadi 44 hufika Courmayeur baada ya saa 16 au 17. Hapo kaa dakika 25: kula chakula cha moto, badilisha soksi, chaji taa, ondoka. Vituo vingine dakika 5 hadi 8. Viko zaidi ya kumi, na kila dakika kumi za ziada kila kituo zinakula karibu saa mbili za ukomo. Jedwali la ukomo wa kila kituo cha mwaka wako libandike kwenye fimbo au mkononi.

Mbio zenyewe ziko baada ya Champex-Lac, kwenye kilomita 126 hivi. Imebaki milima mitatu, ya kushukia Trient, Vallorcine na Chamonix, kila mmoja una mita 700 hadi 900 za kupanda, na wengi wanaikuta usiku wa pili. Kafeini iwekee usiku huo. Ukiona mawe yanageuka watu au unayumba njiani, lala dakika 15 kituoni kwa kengele ya simu. Kulala ukingoni mwa njia juu kwenye baridi ni hatari.

---

njia_ya_bondwa

Kwenye vifaa sasa. Vinavyosumbua kupatikana ni vichache. Koti la mvua lazima liwe na kofia, kiwango cha kuzuia maji angalau milimita 10,000, na mishono iliyozibwa kwa utepe kwa ndani. Moshi, soko la Memorial, mitumba ya milimani ipo tele, lakini koti la zamani mara nyingi utando wake wa ndani umebanduka. Lipime kabla ya kulipa: kunja bega liwe kama bakuli, mimina maji, subiri dakika kumi, pitisha mkono kwa ndani. Utepe wa mshono ukinyanyuka kwa ukucha, rudisha.

Vingine: taa mbili za kichwani zenye betri za akiba (kuu iwe na lumeni 200 au zaidi, na giza la mwishoni mwa mwezi wa nane ni kama saa 10, pima chaji yako kwa hiyo), blanketi la dharura la mita 1.40 kwa 2, filimbi, bandeji ya kunyumbulika, kikombe chako mwenyewe kwa kuwa vituoni hakuna vya kutupa, vyombo vya maji vya lita 1 kwa jumla, nguo ya joto ya pili, suruali ndefu, kofia, glavu zisizoingiza maji, akiba ya chakula, simu, kitambulisho. Ukaguzi upo na adhabu ipo. Waandaaji hutangaza siku za mwisho kama utaongeza vifaa vya baridi au vya joto, kwa hiyo usifunge mkoba mapema.

Msichukulie baridi kama mchezo, ninyi wa nchi ya joto. Mwaka 2010 mbio zilisimamishwa usiku kwa sababu ya mvua, na 2012 njia ilifupishwa hadi kama kilomita 100. Koti na glavu vaa mita 200 chini ya kilele, wakati vidole bado vinafunga zipu. Ukisubiri hadi utetemeke, hutaweza kufunga chochote. Fanya mazoezi ya usiku Uluguru ukiwa na mkoba kamili, ukiwa na mwenzako, ujue kila kitu kiko mfuko gani kwa kupapasa.

---

kamba_na_fimbo

Nyongeza ya mwisho kwangu. Njia inapita Ufaransa, Italia na Uswisi. Zote zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha, ya kuomba kupitia Ufaransa kwa kuwa ndiko utakakokaa zaidi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Kata miadi sasa hivi, mwezi wa saba foleni ni ndefu. Laini ya simu utakayonunua Ufaransa angalia kama inafanya kazi Uswisi, kwa sababu Uswisi haimo Umoja wa Ulaya na vifurushi vingi vinaishia mpakani. Waandaaji wanataka simu iwe hewani nchi zote tatu, na ukiteguka mguu juu ya La Fouly, upande wa Uswisi, ndiyo itakayokuletea msaada.